Nusu Aliyoiuliza Houda

Arnaud alikuwa na miezi saba tu ya ualimu siku alipomuuliza Népomuscène swali ambalo mzee huyo alikuwa amelikimbia kwa miaka kumi na miwili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, na walimu wengine walikuwa wametoka nje kupunga upepo. Arnaud alivuta kiti, akaweka daftari lake mezani taratibu. Népomuscène alikuwa amefundisha fizikia katika lise ile, shule ya sekondari, tangu kijana huyu hajazaliwa, na kwa kuwa hakuna aliyemzidi miaka pale, walimu wote vijana walimwita Doyen.

"Doyen, kuna kitu kinanisumbua. Kesho kutwa ninaingia somo la umeme ndani ya shaba. Ile tau."

"Tau imekufanya nini?"

"Tunawaambia watoto kwamba elektroni inavutwa, inaongeza mwendo, inagonga, inapoteza mwendo wote, inaanza upya. Muda wa wastani kati ya mgongano mmoja na unaofuata tunauita tau. Mpaka hapo sina neno. Lakini kama inaanza na sifuri na kuongeza mwendo mpaka igonge, basi mwendo wake wa wastani ni nusu ya ule wa mwisho. Mbona kitabu hakigawi kwa mbili?"

Népomuscène alikuwa ameinua kikombe cha chai. Akakirudisha mezani bila kunywa.

"Andika kama kitabu kilivyoandika," akasema.

Arnaud akacheka, akidhani Doyen anatania, na kengele ikalia.

Baada ya siku mbili kijana alirudi akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Alikuwa amelipata jibu. Kitabu kilikuwa sawa, nusu haistahili kuwepo, ila sababu yake ilikuwa na ujanja ndani, na waliojikwaa pale walikuwa wengi. Hata yule mtaalamu aliyeianzisha hesabu hii, zaidi ya miaka mia iliyopita, mbili ilimponyoka mahali.

"Unajua, Doyen," Arnaud alisema akifunga daftari, "anayeuliza kuhusu ile nusu ndiye aliyefikiri. Mwanafunzi akiniuliza hivyo, nampa ishirini kwa ishirini hata kama amekosea."

Népomuscène alimpongeza. Kisha akatoka, akaenda kusimama nyuma ya maabara, mahali wanapotupa vioo vilivyovunjika, akabaki pale mpaka somo lake lililofuata lilipokuwa limeshaanza kwa dakika kumi. Katika miaka thelathini na minne hakuwahi kuchelewa darasani.

Kwa sababu alikuwepo mwanafunzi aliyeuliza. Aliitwa Houda, binti wa Mzee Seifu wa Buyenzi, mtaa wa magereji, mwenyewe fundi wa kubobina moteri, yaani kuzifungia upya nyaya za shaba zile zilizoungua. Ilikuwa mwaka 2012, darasa la sayansi, mwaka mmoja kabla ya mtihani wa Serikali. Msichana mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani, vidole vyake vimekatwakatwa na waya kwa sababu kila jumamosi alimsaidia baba yake. Alikuwa na tabia moja ambayo Népomuscène hakuipenda: hakuandika kitu mpaka akielewe. Wenzake walinakili ubao mzima, yeye akiangalia tu, kalamu iko mdomoni.

Siku ile alinyoosha mkono, akauliza kile kile alichouliza Arnaud, karibu kwa maneno yale yale. Njia moja tu ilikuwa ya haki. Népomuscène angeweza kusema: sijui, nipe mpaka ijumaa. Lakini alikuwa na miaka arobaini na sita, darasa lilikuwa na wanafunzi hamsini na wanne, na hajawahi kutamka neno lile mbele ya ubao. Akarudia fomula. Houda akasema, kwa adabu, kwamba fomula ameiona, anachotafuta ni mbili imekwenda wapi.

"Hiyo ni fizikia ya Buyenzi," Népomuscène akasema. "Ipeleke kwenu gereji, huku tunafuata kitabu."

Darasa likaangua kicheko. Houda hakucheka wala hakulia. Alikaa chini. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka swali la tau lilitoka, akalijibu akiwa amegawa kwa mbili, na pembeni akaandika mistari minne ya kueleza kwa nini, akamalizia: "Sijaonyeshwa kosa langu." Népomuscène alimpa sifuri ya swali zima. Wengine waliokosea walipewa pointi za njia.

Kisha kikaja kikao cha walimu, kile cha kuamua nani apande na nani abaki. Houda alipungukiwa pointi mbili katika fizikia. Mkuu wa shule alivua miwani, akamgeukia Népomuscène. "Prof, mtoto huyu ni mzuri kila mahali. Huwezi kumtafutia mbili?"

Mbili. Neno lenyewe lilimchoma. Akajibu, "Ana kiburi. Akirudia mwaka atajifunza adabu." Na kwa mkono wake mwenyewe akaliandika neno lile kwenye buletini ya Houda, ile ripoti ya mwisho wa mwaka, mahali pa maoni ya mwalimu: kiburi.

Kesho yake Mzee Seifu alikuja shuleni. Alikaa kwenye benchi la ukumbi tangu saa mbili, amevaa kanzu safi, akisubiri kuonana na mwalimu wa fizikia. Népomuscène alimwona kupitia dirisha. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Houda hakurudi tena shuleni.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyakumbuka nyuma ya maabara, na wiki nzima iliyofuata hayakumwachia. Mke wake Elvire aliona hali chakula. Alipomwuliza, akamweleza yote, hata la mlango wa nyuma. Elvire akasema, "Sasa unanieleza mimi ili iweje? Mwenyewe si yuko hapo chini Buyenzi?"

Jumamosi akashuka kwa miguu. Mafuta yalikuwa yameadimika tena, magari yamejipanga kwenye vituo, yamezimwa, na madereva wamelala viti vya nyuma. Aliyafikia mabarabara ya Buyenzi saa tano, akaingia katika kelele ya nyundo na mashine za kuchomelea. Aliuliza kwa Seifu bobineri. Fundi mmoja akamtazama kutoka chini ya gari.

"Seifu amekufa, mzee. Mwaka wa tatu huu. Lakini ateliye iko, binti yake ndiye anafanya. Pita ule musikiti, utasikia harufu ya varnishi."

Népomuscène alisimama. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia Seifu kwanza. Sasa maneno yale hayakuwa na pa kwenda, na miguu nusura imrudishe nyumbani. Akaenda tu.

Ateliye ilikuwa karakana iliyo wazi mbele, yenye paa la bati na meza ndefu ya mbao nyeusi. Moteri kubwa ya kiwanda fulani cha Zone Industrielle ilikuwa imepasuliwa mezani, matumbo yake ya shaba yamemwagika. Mwanamke aliyeinamia alikuwa akipitisha waya katika mfereji wa chuma, akihesabu mizunguko kwa midomo bila sauti. Népomuscène alimngoja amalize. Alipoinua uso walitambuana hapo hapo.

"Mwalimu," Houda akasema. Sauti haikuwa ya ukali wala ya furaha. "Karibu. Una moteri imeungua?"

"Hapana. Nimekuja kwako."

Alimwonyesha kigoda. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, akijifuta mikono kwa kitambaa. Darasani walikuwa wakizungumza Kifaransa tu, kama sheria ya shule ilivyotaka, na Népomuscène aligundua kwamba hajawahi kumsikia msichana huyu katika lugha ya nyumbani kwao.

"Nimesikia juu ya baba. Mungu amrehemu."

"Amina."

"Houda, lile swali lako la nusu lilikuwa swali zuri. Mimi ndiye sikuwa na jibu. Nilikufanya uchekwe mbele ya wenzio, nikakunyima pointi ambazo wengine niliwapa, nikakuandikia neno ambalo halikuwa lako. Nimekuja kuomba msamaha. Na jibu sasa ninalo, kama utataka..."

"Jibu mi niko nalo," Houda akasema. "Tangu ile ile mwaka."

Népomuscène akakisogeza kigoda karibu na meza.

"Ilikuwa Ramadhani," Houda aliendelea, na sasa alikaa kwenye ukingo wa meza. "Likizo kubwa. Baba alikuwa amenikasirikia sana juu ya ile buletini. Alikuwa anasema, nenda umuombe mwalimu msamaha, atakurudisha. Mi nikasema apana, sikumutukana mutu. Akasema, mwalimu mukubwa vile hawezi kuandika bongo, hawezi kudanganya. Donc tukawa hatusemeshane. Tunakaa hapa siku nzima, yeye na moteri yake, mi na yangu. Neno moja tu alikuwa ananiuliza. Akitaka kwenda kuswali, adhuhuri na alasiri, ananiuliza: tangu muteja wa mwisho aingie, ni dakika ngapi? Alikuwa anataka kujua kama atamukosa ule anayefuata."

"Ukawa unamjibu."

"Ninamujibu dakika, ananyamaza, anakwenda. Basi nikaanza kuandika. Wateja wetu ile mwezi walikuwa wanakuja, ukipima siku nzima, mumoja kila nusu saa. Nikasema, kama ni hivyo, baba akiniuliza, kwa wastani itakuwa robo saa imepita, si ni katikati? Ile ile nusu yangu. Nikaandika Ramadhani yote, mara sitini. Unajua ilitoka ngapi?"

"Nusu saa nzima," Népomuscène akasema polepole.

"Nusu saa nzima. Nikafikiri nimekosea kuhesabu. Nikarudia. Halafu nikaona. Wateja hawaji kwa saa, wanakuja ovyo. Watatu wanafuatana, halafu kimya saa moja na zaidi. Sasa ukiinua kichwa wakati wowote tu, kichwa kitaangukia wapi? Katika ile kimya ndefu, kwa sababu ile ndiyo inakula siku. Zile fupi hazikamatiki. Na elektroni ni vile vile. Ukiishika wakati wowote, tayari imekimbia tau nzima tangu igonge, na mbele yake iko tau nzima ingine. Nusu haiko. Kitabu kilikuwa sawa, na mi nilikosea." Akaokota waya mezani. "Lakini si juu ya kiburi."

Népomuscène alikuwa amefundisha somo lile miaka thelathini na minne. Muda wenyewe, tau ya shaba, alikuwa akiwaandikia watoto ubaoni kama sekunde moja iliyokatwa vipande karibu trilioni arobaini, wanainakili na kusahau. Na hapa mwanamke mwenye mafuta mikononi ameifanya ionekane kwa macho, kwa wateja wa ateliye na baba anayekwenda kuswali. Aliona darasa zima ambalo lingekaa mbele ya mwalimu huyu. Madarasa kumi, kila moja na vichwa hamsini. Hapo ndipo majuto, ambayo mpaka sasa yalikuwa kama deni la adabu tu, yalipomshika kweli.

"Ulimwambia baba?"

"Nilijaribu. Nilisema, baba, nimelipata lile jibu. Akasema, kwanza msamaha, jibu nyuma. Nikafunga mudomo. Na mi pia nilikuwa na kichwa ngumu, Mwalimu, nisiseme bongo. Baada ya mwaka tukaanza kuongea vizuri, tukacheka, alinifundisha kazi yote. Lakini hiyo habari hatukuigusa tena. Amekufa anajua kwamba binti yake alimutukana mwalimu."

Nje, mtu alikuwa akigonga bati, anaacha, anagonga tena. Népomuscène alitafuta la kusema, akashika lililokuwa karibu. Alisema kuna mtihani kwa watu wazima wasio shuleni, yeye anawajua watu wa ofisi ile, angemsaidia kujiandikisha, angemfundisha bure, kila jumamosi, angeweza hata...

Houda aliinua kiganja.

"Apana, Mwalimu. Asante. Nina watoto wawili, na hizi moteri haziningojei. Viwanda vinaniita mi mwenyewe, hata wale wakubwa wa kule juu Kiriri pampu zao zinashuka hapa. Shule usinipe sasa." Aliangalia mlango wa nyuma wa karakana, uliofunikwa kwa pazia la kitenge. "Kama unataka kunipa kitu, mama yangu yuko hapo nyuma. Yeye pia anaamini ile neno. Mwambie yeye."

Ingekuwa rahisi zaidi kumwomba msamaha Houda mara kumi. Hata hivyo Népomuscène alisimama, akainama chini ya pazia.

Sikuzani alikuwa uani, kwenye mkeka, akichagua mchele katika ungo. Mama mnene, mweupe wa nywele chini ya mtandio, macho yake bado makali. Houda alimwambia, "Mama, huyu ni Mwalimu Népomuscène," na mkono wa mama ukasimama juu ya mchele.

"Yule wa buletini?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi," Népomuscène akasema.

Alitaka kupiga magoti, akaona atakuwa anacheza mchezo, akakaa tu kwenye ukingo wa saruji. Akaeleza. Alieleza kwamba Houda hakumtukana hata siku moja, kwamba aliuliza swali, na swali lilimshinda mwalimu. Sikuzani alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Swali yenyewe ilikuwa ya nini?" aliuliza hatimaye.

Népomuscène akajaribu. Akasema waya, akasema chembe ndogo zinazokimbia na kugongana, na Sikuzani akakunja uso. Houda, ambaye alikuwa ameegemea mlango, alimkatiza bila kukusudia: "Mama, unakumbuka baba alivyokuwa ananiuliza dakika ngapi?" Na akamweleza, maneno machache, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya msikiti. Sikuzani aliwaza.

"Ahaa. Ni ile kimya ndefu ndiyo inakukamata."

"Ndiyo hiyo."

"Hii tu?" Sikuzani alimgeukia Népomuscène. "Na wewe, Mwalimu, hii ulikuwa unaijua?"

"Sikuijua, mama."

"Mbona hukusema haujui?"

Alikuwa ameulizwa maswali mengi na wakaguzi, na wakuu wa shule, na padri katika kitubio. Hakuna lililowahi kumvua nguo kama hili.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa watoto wataacha kuniheshimu."

Sikuzani alichota mchele kiganjani, akautazama, akaurudisha. "Seifu alikaa kwenye benchi lenu mpaka saa nane. Alirudi hapa, akasema mwalimu alikuwa na kazi nyingi. Alikutetea." Akautikisa ungo. "Alikutetea kwa mutoto wake mwenyewe."

Machozi ya Népomuscène yalitoka, akayaacha yatoke, maana kuyafuta kungekuwa kuyaonyesha. Sikuzani hakumbembeleza. Alimgeukia binti yake, akanyoosha mkono, na Houda akaja akachuchumaa karibu naye. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamvutia begani, akamwambia jambo sikioni ambalo Népomuscène hakulisikia wala halikuwa lake. Aliona tu mabega ya Houda yakianza kutikisika. Mwanamke huyo ambaye hakulia darasani, hakulia kwenye kicheko, alilia sasa begani kwa mama yake kama mtoto wa miaka sita.

Népomuscène alitazama ukutani.

Baadaye Sikuzani alimletea chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Aliinywa, tamu na ya tangawizi, akauliza kama wangemruhusu kuandika barua kwa mkono wake, yenye jina lake, akiyasema yale yale, wawe nayo nyumbani. Sikuzani alisema aandike. Houda alisema hapendi karatasi, ila mama akitaka, sawa. Aliiandika pale pale, akaisoma kwa sauti, akaiacha chini ya ungo isipeperuke.

Alikwenda pia kwa mkuu wa shule, wiki iliyofuata, kuomba rekodi ile isahihishwe. Mkuu, mwanamke wa makamo aliyekuja baada ya mambo hayo, alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba maamuzi ya zamani hayafunguliwi. Kitabu cha mwaka ule kilikuwa kwenye kabati, jina la Houda ndani yake, na neno lile mbele ya jina. Népomuscène aliliona kwa macho yake. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu asiye na shaka.

Alistaafu mwezi wa saba. Mara moja moja hushuka Buyenzi, hasa jumamosi. Sikuzani humwuliza habari za Elvire. Houda humwita Mwalimu, humvutia kigoda, na kama kuna kazi huendelea nayo, naye hukaa akitazama waya ukiingia kwenye mfereji, mzunguko baada ya mzunguko. Népomuscène amewahi kumwomba aje siku moja aeleze ile hesabu ya wateja wa ateliye mbele ya darasa la Arnaud. Houda alisema atafikiri. Mwaka umepita, bado anafikiri. Hajasema kwamba amesamehe, na Népomuscène hajauliza.